Kwa Baiskeli Kutoka Moshi Hadi Tanga

Wengi wetu tunaijua barabara ya Moshi hadi Tanga kwa kuitazama kupitia dirisha la basi. Unapanda asubuhi, unasinzia Mwanga, unaamka Mombo kununua chakula, na kabla ya jua kuchwa umefika pwani. Sisi wawili, mume na mke tulioishi pamoja miaka 27, tuliipita barabara hiyo kwa baiskeli mwezi wa Agosti. Ni kilomita zipatazo 350. Tulizigawa katika siku saba za mwendo, na ya nane ikawa ya kupumzika.

Msomaji asidhani sisi ni vijana. Mtoto wetu wa mwisho amekwisha kuondoka nyumbani. Baba alivunjika mguu miaka mingi iliyopita, na mguu huo, ingawa ulipona, hauna nguvu kama mwenzake. Mama ameendesha baiskeli tangu usichana wake, akibeba maziwa kwenda sokoni. Watoto walipiga simu mmoja baada ya mwingine kutukataza. Tuliwajibu kwamba tumefanya mazoezi kila Jumamosi kwa miezi mitatu, na kwamba daktari ameuangalia mguu wa baba na kuturuhusu, ila tusishindane na mtu.

Tulitoka Moshi alfajiri, keria zimefungwa blanketi, nguo, sufuria moja na madumu ya maji. Himo, penye njia panda ya kwenda Taveta nchini Kenya, tulikunywa chai, kisha tukashika barabara ya kusini. Kushoto kwetu ilisimama milima ya Upare, na kulia ulitandaa uwanda mkavu hadi upande wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Usiku wa kwanza tulilala Mwanga, wa pili Same. Muda wote huo baba alikuwa mbele na mama nyuma, kama ilivyo desturi.

Upepo wa Makanya

Watu wa Moshi walikuwa wametuambia, "Ninyi mtateremka tu hadi baharini." Ni kweli kwamba Moshi iko juu na Tanga iko chini. Lakini Agosti ni majira ya kusi. Upepo hutoka upande wa bahari, na anayeelekea Tanga hupambana nao uso kwa uso. Tulipoiacha Same kuelekea Makanya ulitupiga kifuani hata kwenye mteremko tukalazimika kukanyaga pedali.

Waendesha baiskeli wana siri moja. Anayefuata karibu nyuma ya mwenzake hutumia nguvu kidogo, kwa sababu aliye mbele amekwisha kuukata upepo. Baba alisimama, akashuka, akasema, "Mama, tangulia wewe. Mguu wangu hauuwezi upepo huu." Tukabadilishana. Lakini aliye mbele mwenye nguvu husahau upesi kwamba ana mtu nyuma. Kwa hiyo tukaafikiana juu ya kengele. Baba akiigonga mara moja, mama apunguze mwendo. Akiigonga mara mbili, tusimame. Hivyo mama alikata upepo, na baba akaamua mwendo.

Njiani hatukukosa maneno. Karibu na Hedaru, tulipokuwa tunaziba tyubu iliyochomwa na mwiba, mzee mmoja aliyekuwa anachunga mbuzi alicheka, "Mzee mwenzangu, siku hizi umewekwa nyuma?" Baba akamjibu, "Ananikatia upepo, ndugu yangu. Ungekuwa wewe ungekataa?" Mzee akafikiri kidogo, akasema, "Hapana. Upepo huu naujua." Kisha akatuonyesha nyumba ya kuombea maji.

Bibi mwenye nyumba hiyo, baada ya kuitikia shikamoo zetu, alitueleza kwa nini chini pamekauka hivyo na juu ni kijani. Mvua inayotoka baharini hunyesha zaidi upande wa mashariki wa milima, na upande huu wa barabara hupata mabaki. Ndiyo maana tangu kale Wapare walichimba ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya vijito usiku, ili asubuhi yafunguliwe yaende mashambani kwa zamu. Alitujazia madumu yetu yote, wala hakutaka kulipwa.

Mombo

Siku ya nne tulifika Mombo, chini ya milima ya Usambara, mahali barabara ya Lushoto inapoanza kupanda. Jioni ile mguu wa baba ulikuwa umevimba hata kiatu hakivuki. Basi la Tanga lilisimama pale pale, injini inanguruma, na utingo akatuambia baiskeli zitakaa juu bila shida. Mama alisema, "Tukipanda tunapanda wote, na hakuna aibu." Baba akasema, "Tulale kwanza." Tulipumzika siku nzima, mguu umeinuliwa juu ya mto na kufungwa kitambaa cha maji baridi. Asubuhi iliyofuata kiatu kiliingia. Tukaendelea, na siku hiyo kengele ililia mara nyingi.

Kutoka hapo hadi Korogwe tulipita mashamba ya mkonge yaliyonyooka kama mistari ya daftari. Mmea huu si wa kwetu. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida, Marekani, mwaka 1893, na ni miche 62 tu iliyofika hai. Mwaka huo huo ilianza kujengwa reli ya Tanga, ambayo tulikuwa tunaiona mara kwa mara kando yetu. Ilifika Moshi mwaka 1911, yaani miaka 18. Tulicheka kwamba sisi hatukuchelewa.

Korogwe tuliutazama mto Pangani, ambao maji yake huanzia Kilimanjaro na Meru. Siku ya sita tulikunja kushoto pale Segera, tukalala Muheza, mji wa machungwa. Siku ya mwisho hewa ilikuwa nzito, minazi ikaanza, na saa sita mchana tuliingia Tanga tukiwa wote wawili juu ya baiskeli.

Kwa mume na mke wanaotaka kujaribu, tunashauri haya. Mwoneni daktari kwanza. Fanyeni mazoezi miezi mitatu. Chukueni tyubu za akiba, viraka, gundi, pampu na spana. Ondokeni alfajiri, na saa tano muwe kivulini hadi jua lipungue. Malori mawili yakipishana, shukeni kwenye lami bila kubishana nayo. Msiendeshe usiku. Zaidi ya yote, mwenye nguvu akate upepo, awe mume au mke, na aliye dhaifu apewe kengele. Sisi tumerudi nyumbani nayo desturi hiyo. Siku hizi mmoja wetu akisema, "Nagonga kengele," mwenzake hupunguza mwendo, hata kama tunazungumzia ada, shamba au wageni.