Vikapu Kumi na Viwili

Katika Injili ya Yohana, sura ya 6, kuna agizo la Bwana Yesu ambalo sisi wahubiri mara nyingi hulipita haraka. Wanaume wapatao 5,000 wamekula na kushiba kwa mikate mitano na samaki wawili, na mahubiri mengi huishia hapo, kwenye muujiza. Lakini mstari wa 12 unatueleza kwamba watu waliposhiba, Yesu aliwaagiza wanafunzi wake wakusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee kitu. Wakajaza vikapu kumi na viwili.

Nimefundisha mstari huu katika darasa la kipaimara kwa miaka mingi, na karibu kila mwaka hutokea kijana anayeuliza swali lile lile: "Mchungaji, kama Yesu anaweza kulisha maelfu, makombo ni ya nini? Kesho si atafanya mengine?" Ni swali zuri. Mimi huwajibu kwamba Yesu hakukusanya kwa kuogopa njaa ya kesho. Mkate ule ulikuwa zawadi ya Baba, na zawadi haiachwi kukanyagwa kwenye majani, hata ikiwa nyingi kiasi gani. Alishukuru kabla ya kula, na kukusanya mabaki kulikuwa kuendelea na shukrani ile ile.

Nililelewa kwenye kihamba, mlimani Kilimanjaro. Huko hakuna aliyetuhubiria habari za mazingira, lakini taka zilikuwa chache mno. Maganda ya ndizi yalikwenda kwa ng'ombe na mbuzi, samadi ikarudi kwenye migomba na mibuni, na migomba ikatupa ndizi tena. Maji yaliyooshea mboga yalimwagiwa mboga zilizokuwa bado shambani. Kopo moja likawa kipimo cha maharage, jingine fundi akaligeuza koroboi. Kanga ilianza kama vazi la kanisani, ikawa ya kushindia nyumbani, ikawa nepi, mwishowe ikawa dekio. Tairi la gari lililokwisha likawa katambuga. Kila kitu kilikuwa na maisha matatu au manne kabla ya kuitwa takataka.

Wengi wa rika langu waliyaona hayo yote kuwa alama ya umaskini, na walipopata mishahara wakayaacha. Hapa ndipo jambo hili linapogusa roho. Mara nyingi mtu hatupi kitu kwa sababu kimekwisha kazi. Hukitupa ili watu waone kwamba anao uwezo wa kununua kingine. Nimewahi kuona kijana akikataa kuja kwenye mafundisho kwa sababu ya kiraka kwenye suruali, kana kwamba kiraka ni dhambi. Musa aliona tofauti. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 8, anapowakumbusha Israeli wema wa Mungu wa miaka 40 jangwani, hasemi kwamba walipewa nguo mpya kila mwaka. Anasema zile walizovaa hazikuchakaa. Kwake yeye, vazi kudumu ni baraka. Martin Luther naye, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapoeleza maana ya kumwamini Mungu Muumba, anahesabu mavazi na viatu miongoni mwa vipaji vya Mungu. Basi fundi cherehani anayeshona kiraka na fundi viatu anayebadilisha soli wanatunza kipaji cha Mungu.

Mtu anaweza kusema kwamba mambo ya ndoo na chupa si ya madhabahuni. Nami namkumbuka mama mmoja, mjane, niliyemtembelea baada ya mvua kubwa huko Dar es Salaam. Chumba chake kilikuwa bondeni, karibu na mtaro. Maji yalikuwa yamepungua, lakini godoro lilikuwa limelowa na unga umeharibika. Hakulia. Alinionyesha tu lundo alilolifagia nje ya mlango: chupa za maji, sahani za kutupa, vijiko vya plastiki, vifungashio vya chipsi. Akasema, "Mchungaji, mimi sijawahi kununua hata kimoja katika hivi." Vilitoka juu, kwenye nyumba na sherehe za watu wasiomjua. Vilikuwa vimeziba mtaro, na maji yakaingia kwake.

Tangu siku ile siwezi kusoma amri ya kumpenda jirani bila kuuona mlango ule. Sisi Walutheri tunafundisha kwamba tunahesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani. Hakuna atakayeingia mbinguni kwa kutenganisha taka. Lakini aliyekwisha kupokea neema bure ana mikono iliyo huru kumtumikia jirani, na jirani huyo anaweza kuwa yule anayekaa chini ya mtaro wetu. Mwezi Mei mwaka 2017, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilipokutana Windhoek, Namibia, katika mwaka wa 500 wa Matengenezo, lilitamka kwamba wokovu hauuzwi, wanadamu hawauzwi, na uumbaji hauuzwi. Mambo hayo matatu yaliwekwa pamoja, na mimi naamini yanakaa pamoja.

Nyumbani kwetu tumeanza na vitu vidogo. Maganda na mabaki ya jikoni yana ndoo yake: mengine huliwa na kuku wa jirani, mengine huwa mboji ya mchicha. Chupa za plastiki hukaa kwenye kiroba mpaka vijana wanaozinunua kwa kilo wapite. Tunapokuwa na wageni wengi tunaazima sahani na bilauri kutoka jumuiya, na vijana wanaosha. Tangu tarehe 1 Juni 2019, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kikapu cha ukindu kimerudi sokoni, na hakuna aliyekufa kwa kukosa rambo. Kwenye sherehe, soda ya chupa ya kioo bado ni mwalimu mzuri: chupa hurudi kwenye kreti, na kreti hurudi dukani.

Lakini hekima inahitajika pia. Dumu lililobeba dawa ya kupulizia mimea lisitiwe maji wala mafuta ya kula, hata likisuuzwa mara kumi. Litobolewe ili asiwepo wa kulitumia. Mfuko wa plastiki usitumike kuwashia mkaa, kwa maana moshi wake ni sumu, na anayeuvuta kwanza ni mama na mtoto aliye mgongoni. Tena, tusiite sadaka kile ambacho ni taka. Nguo unayompa mhitaji iwe imefuliwa, ina vifungo, na wewe mwenyewe ungeweza kuivaa kwenda kanisani. Maskini si jalala letu.

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, mjane mwenye deni anamlilia Elisha. Nabii anamuuliza ana nini nyumbani, naye anajibu kwamba hana kitu ila chupa ya mafuta. Anatumwa kwa majirani kuazima vyombo vitupu, wala si vichache. Mafuta yakaendelea kutoka hadi chombo cha mwisho kilipojaa, ndipo yakakoma. Majirani wale walikuwa na vyombo vitupu nyumbani, na hawakuwa wamevitupa. Pia walikuwa tayari kumwazima mwanamke aliyekuwa karibu kupoteza wanawe wawili kwa mdai. Mungu alitumia vyombo hivyo kuiokoa nyumba nzima.

Wapendwa, kabla ya kutupa kitu wiki hii, tujiulize maswali mawili. Je, kimemaliza kazi yake? Na kikitoka mkononi mwangu, kitafika mlangoni kwa nani? Bwana aliyeagiza vipande vikusanywe atupe macho ya kuona thamani ya vitu vidogo, na moyo wa kumkumbuka aliye chini ya mtaro. Amina.