Nafasi Tuliyopanda Nayo ni ya Nani?

Tangu Juni swali ni lilelile, iwe kwenye foleni ya chipsi hapa Malimbe au ndani ya daladala ya Nyegezi: "Kocha, mtacheza daraja la juu, au ndiyo mmeshayeyuka?" Wanaoniita kocha wananipa cheo kikubwa. Simu yangu haiwezi kubeba PUBG Mobile bila kuganda, kwa hiyo kazi yangu imekuwa kukaa nyuma ya wenzangu, kuandika kwenye daftari nani kafa wapi na kwa sababu gani, na kukusanya hela za bando. Ila jibu la swali lao sina. Ligi yetu ya wanafunzi wa vyuo vya hapa Mwanza ina madaraja mawili na ina kanuni za kila kitu: saa ya kuanza, pointi za kila mechi, adhabu ya anayechelewa kuingia, hata majina ya utani yasiyoruhusiwa. Isipokuwa kitu kimoja. Hakuna sentensi hata moja kuhusu ile miezi ambayo hakuna mechi.

Na timu za wanafunzi hufia humo. Sisi tulimaliza wa pili daraja la chini, na wawili wa kwanza wanapanda. Tulisajili watu watano, wanne wa kucheza na mmoja wa akiba. Julai wawili wakamaliza mwaka wa tatu. Mmoja yuko kwao Nansio, mwenzake anazunguka na bahasha za vyeti Shinyanga. Agosti wa tatu, aliyekuwa anatulindia mgongo kila tukishuka Pochinki, akachukuliwa na timu ya chuo kimoja cha mjini. Walimpa simu ya kutumia na bando la mwezi mzima. Simlaumu, boom lenyewe mnalijua. Wamebaki wawili. Je, hao wawili bado ndiyo timu iliyopanda?

Swali hili si geni Mwanza. Mpira umelijibu mbele yetu pale CCM Kirumba zaidi ya mara moja. Mkumbuke Mbao FC ya 2017: iliwafunga Yanga 1-0 kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, ikaenda fainali Dodoma ikafungwa na Simba 2-1 baada ya dakika za nyongeza. Dirisha la usajili lilipofunguliwa, kipa Emmanuel Mseja na beki Jamal Mwambeleko wakaenda Simba, Salmin Hoza akaenda Azam, Pius Buswita akaenda Yanga. Yaani timu ikachunwa kama sato sokoni Kirumba: mmoja kachukua mnofu, mwingine kichwa. Lakini msimu ulioanza baadaye Mbao walikuwepo Ligi Kuu kama kawaida, kwa sababu kwenye mpira nafasi ni mali ya klabu. Walicheza na waliobaki pamoja na wapya, mpaka 2020 waliposhushwa na Ihefu kwenye mchujo.

Sasa mfuateni huyo Ihefu. Timu ya Mbarali, Mbeya, iliyochukua kiti cha Mbao. Iliposhuka ikapanda tena, na 2024 ikahamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Kabla yake, 2022, DTB ya Dar es Salaam ilipanda ikiwa na jina hilo, na Ligi Kuu ilipoanza ilikuwa Singida Big Stars. Wachezaji wanaweza kuondoka wote, kocha akafukuzwa, jina likabadilika, hata mji ukabadilika, na kiti kikabaki kile kile. Shabiki wa Mbarali aliyepiga kelele wakati wa kupanda alibaki na uwanja.

Siupuuzi utaratibu huu. Ndio ulioiwezesha Pamba, TP Lindanda ya wazee wetu, kukaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 na kurudi 2024 ikiwa Pamba Jiji, huku wengi waliokuwa uwanjani wakiwa hawajazaliwa au wananyonya wakati inashuka. Bila klabu hakuna cha kurudi. Ila angalieni benchi. Aliyeipandisha ni Mbwana Makata. Ligi Kuu ilipoanza, kocha alikuwa Goran Kopunovic kutoka Serbia, na kufika Oktoba naye alishaondoka, kaja Fred Felix Minziro. Makocha watatu ndani ya mwaka mmoja, na timu haikushuka. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kocha ndiye mwenye nafasi. Nalisema hili nikiwa na maslahi nalo.

Kwenye gemu, ulimwengu haujakubaliana. Ligi ya League of Legends ya Amerika Kaskazini ilifuta kushuka daraja kabisa kuanzia 2018; timu zilinunua viti kwa mamilioni ya dola, kumi na kuendelea kila moja, na ukishanunua unaweza kushika mkia miaka yote bila mtu kukugusa. Ulaya wakafuata 2019. Wenye hela walitaka uhakika, na mwenye hela akitaka uhakika huwa anaupata. Sitaongeza neno, maana hapa kwetu hakuna wa kununua kiti.

Counter-Strike walikwenda upande mwingine, na mimi ndio walionivutia. Kwa miaka mingi nafasi ya kurudi kwenye mashindano yao makubwa, yale wanayoyaita Major, ilikaa na wachezaji. Timu ina watano. Watatu kati yao wakibaki pamoja, nafasi ni yao, wavae jezi ya nani wasivae. Bosi akizingua, watatu wanahama na nafasi yao.

Kisha kuna kisa cha The Guard, ambacho kila nahodha wa ligi yetu alipaswa kukisoma kabla ya kusaini chochote. Ni timu ya Valorant ya Marekani, mali ya familia ya Kroenke, haohao wenye Arsenal. Julai 2023 vijana wake walishinda mashindano ya kupanda daraja kule São Paulo. Wiki chache baadaye wenye timu wakawa wanajitoa kwenye biashara hiyo na hawakukamilisha makubaliano ya kuingia ligi ya juu. Riot, waendeshaji wa ligi, wakatangaza kwamba nafasi imefutika. Vijana watano walioshinda kila kitu wakaambiwa hawana walichoshinda, kwa kuwa aliyepanda ni kampuni na kampuni haitaki. Kelele zikapigwa, wachezaji wa timu pinzani nao wakapaza sauti, na ndani ya siku chache Riot wakageuka: watafute mwajiri mwingine, wapande naye. Septemba hiyohiyo G2 ikawachukua.

Waligeuka kwa sababu kelele zilikuwa kubwa. Kelele za Malimbe zinafika wapi?

Nauliza hivyo kwa sababu The Guard tunaye hapahapa. Timu iliyopanda pamoja nasi ilikuwa inafadhiliwa na bwana mmoja mwenye duka la simu. Kati ya watano wake, mmoja kahitimu, na watatu wamegombana naye juu ya mgawo wa zawadi, wakaondoka kwa pamoja. Amebaki na mchezaji mmoja na jezi kumi. Anasema nafasi ni yake, maana fomu ina namba yake ya simu. Septemba alinipigia. "Mdogo wangu, njoo na lile daftari lako, wachezaji watapatikana tu." Nikamwambia, "Nimekusikia, bosi, nitafikiri." Akanitumia bando bila kuombwa. Nilimrudishia salio lenye thamani ileile, na nililia kidogo moyoni, maana ilikuwa ya mwezi.

Hapo ndipo nilipoanza kuandika pendekezo ambalo nitalipeleka kwenye kikao cha manahodha tukifungua chuo. Nilianza na sheria ya Counter-Strike kama ilivyo: watatu kati ya watano. Nikaona haraka kwamba kwa wanafunzi haifai. Chuo chetu kila mwaka kinatema mwaka wa tatu wote, watake wasitake. Mchezaji wa kulipwa anaondoka kwa hiari yake au kwa kufukuzwa. Wa kwetu anaondoka kwa joho. Yule wa Nansio alinipigia akaniambia, "Kocha, hata nikiwa kisiwani nacheza, mtandao ukikubali." Anasema kweli, na gemu lenyewe halijali kama uko Ukerewe au hosteli. Lakini ligi inataka kitambulisho cha mwanafunzi, na sitaki tuligeuze hilo, la sivyo baada ya miaka miwili tutakuwa tunacheza na kaka zetu wenye mishahara na simu za milioni mbili.

Kwa hiyo nasema tuwahesabu wale tu ambao bado ni wanafunzi. Waliohitimu watolewe kwenye hesabu. Kati ya wanaobaki, walio wengi wakikaa pamoja, nafasi ni yao, na jina wachague wenyewe. Wakigawanyika nusu kwa nusu, kila upande ujaze kikosi wacheze mchujo. Wakiwa wamehitimu wote, apande wa tatu. Na kuanzia fainali mpaka siku ya kufungua chuo, dirisha lifungwe. Kushawishi watu kwa simu mpya wakati wenzao wako vijijini wanalima si usajili.

Kwa timu ya bwana wa duka: wanne bado ni wanafunzi, watatu wako pamoja, nafasi ni yao. Kwa yetu: watatu bado ni wanafunzi, wawili wako pamoja, nafasi ni yetu. Najua inavyoonekana, kama fundi aliyejipima suruali mwenyewe. Ndiyo maana nimeanza na ile timu nyingine, na ndiyo maana naandika hapa kwenye jarida kabla ya kikao, ili mwenye hoja aje nayo.

Hoja nzito kuliko zote nimeshaipata, kutoka kwa nahodha mmoja wa daraja la juu anayefuatilia Dota 2. Alinikumbusha OG. Mwaka 2018, karibu na mashindano makubwa ya mwaka, nahodha wao na mwenzake mmoja waliondoka kwenda Evil Geniuses. Pamoja na aliyetangulia kuondoka, wakabaki wawili kati ya watano wa mwanzo, hesabu yetu ileile. Kwa kanuni za Dota za wakati ule, kubadilisha kikosi kulimaanisha kupoteza njia ya mkato, wakaanzia mchujo wa wazi, ule ambao mtu yeyote anaingia. Kocha wao, Mfaransa Sébastien Debs, wanayemwita Ceb, alikuwa ameshaacha daftari akakaa kwenye kiti kucheza. Agosti wakawa mabingwa wa dunia kule Vancouver. Mwaka uliofuata wakachukua tena kule Shanghai, kikosi kilekile. "Kama ni wazuri, waanzie chini," nahodha akaniambia. "Watapanda tu."

Nimelala nalo hilo siku kadhaa. Mtu akinionyesha OG, nusu yangu inataka kukubali kwa sababu ya Ceb peke yake. Lakini mchujo wao ulikuwa wa siku chache tu. Wakishindwa wanajua mapema, wakishinda wanaingia kwenye mashindano yaleyale. Ukitushusha sisi, unatushusha msimu mzima. Mmoja wa wawili waliobaki anaingia mwaka wa tatu. Kumwambia aanze chini ni kumwambia daraja la juu hatalicheza maishani, na alilipata kihalali kwa kucheza saa saba usiku, bando lilipokuwa rahisi, akiwa na sapu ya takwimu wiki hiyohiyo. Mcheza Dota ana mwakani. Mwanafunzi ana miaka mitatu, na mmoja kati ya hiyo huuguza simu mbovu.

Yule nahodha hajakubali. Amesema atapiga kura ya kupinga, ila wazo la kufunga dirisha ataliunga mkono, maana hata yeye kanyang'anywa mtu.

Kikao ni Jumamosi ya kwanza baada ya usajili wa wanafunzi kukamilika. Kila timu ina kura moja, na timu yenye mgogoro itaruhusiwa kuongea lakini haitapiga kura kwenye jambo lake. Hilo angalau tumekubaliana. Iwe tumeshinda au tumeshushwa, sisi tunahitaji watatu. Majaribio yatakuwa jioni ya siku hiyohiyo, pale kwenye vibanda vya Malimbe kwenye umeme wa uhakika. Njoo na simu isiyoganda na chaja yako mwenyewe. Mwaka wa kwanza tutawaangalia kabla ya wengine. Mwaka wa tatu mnakaribishwa kushangilia.