Deni la kitabu lanirudisha Mambrui

Naanza kwa kukiri kosa. Mwaka 2007, nilipomaliza kidato cha nne katika shule moja ya upili kaskazini mwa Malindi, niliondoka na kitabu kisicho changu. Kilikuwa nakala ya Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi, na mwenyewe alikuwa mwalimu wetu wa Kiswahili. Nilijiambia kwamba ningekirudisha wiki ijayo. Kumbe wiki hiyo ingechukua miaka na mikaka kufika.

Mwezi jana nikaamua liwe liwalo. Nilikifunga kitabu kwa karatasi ya khaki, nikanunua kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai, maana haifai kumwendea mzee mikono mitupu, kisha nikaabiri matatu ya Malindi pale Mombasa saa moja za asubuhi.

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi, na anayeijua barabara hiyo anajua kwamba nusu ya uchovu humalizikia Mtwapa. Pale magari husongamana, wachuuzi wa kachiri na mabuyu wakapenya katikati yake, na makanga akashuka kwenda kununua sigara na kurudi bila gari kusogea hata hatua moja. Baada ya Mtwapa njia hufunguka. Ukifika Vipingo, mashamba ya mkonge hujipanga mistari mpaka macho yanachoka kuifuata.

Kando yangu alikaa mvulana wa shule aliyekuwa akisoma Nguu za Jadi, riwaya ya Clara Momanyi, huku akipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Nikamuuliza kama kinamfurahisha. Akanitazama kama kwamba swali hilo halikuwa limempitikia kamwe. "Ni cha mtihani, dada," akasema, akaendelea kupiga mistari.

Simlaumu. Walio wengi katika nchi hii hukutana na mwandishi wa riwaya kwa amri ya mtihani, na siku mtihani unapokwisha, wanaagana naye. Nami ningekuwa hivyo hivyo lau si yule mwalimu wa Mambrui.

Nilishuka Kilifi kunywa chai. Daraja la pale, linalopita juu kabisa ya mkono wa bahari, lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo watu na magari walivushwa kwa feri. Ng'ambo ya kusini, juu ya jabali, yapo magofu ya Mnarani, na chini maboti ya matajiri yamefungwa kando ya mashua za wavuvi bila kusalimiana. Nikaagiza mahamri na mbaazi za nazi, nikafungua ile karatasi ya khaki ili nikitazame kitabu kabla ya kuachana nacho.

Maadamu niko Kilifi, hapana budi nimweleze mwenye kitabu. Katama Mkangi alikuwa mwana wa Kilifi hii hii. Kazi yake ya mshahara ilikuwa elimu ya jamii, na kwa miaka mingi alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1983 alichapisha utafiti wake kwa Kiingereza kuhusu Wataita na mageuzi ya umiliki wa ardhi. Lakini vijana hawakumjua kwa utafiti huo. Walimjua kwa Ukiwa, kisa cha mapenzi ya vijana kilichotoka mwaka 1975, kisha kwa Mafuta ya mwaka 1984, halafu Walenisi ya mwaka 1995. Katikati ya Mafuta na Walenisi kuna pengo, na pengo hilo lina sababu: mwaka 1986, serikali ilipokuwa ikiwasaka wasomi wakosoaji, aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa, akaachiliwa mwaka 1988. Mwaka 1997 aliwania hata urais. Alifariki mwaka 2004 katika ajali ya barabarani.

Mwaka huo huo wa 1995, mwandishi mwingine, Rocha Chimerah, alitoa Nyongo Mkalia Ini. Riwaya mbili nzito katika mwaka mmoja si haba, na wala sijasikia kwamba kuna aliyepigiwa ngoma kwa ajili hiyo.

Sasa Walenisi ni kitabu gani? Bwana mmoja aitwaye Dzombo amehukumiwa kifo. Hukumu yenyewe ni ya ajabu: anatiwa ndani ya chombo cha kuruka angani asichojua kukiendesha, akatupwa huko juu aangamie. Haangamii. Anatua katika nchi iitwayo Walenisi, ambako watu wanaishi kwa haki kinyume cha kule alikotoka. Mwenye kutaka zaidi na akisome.

Nilipokipata kitabu hicho mwaka 2006 nikiwa na miaka 16, hukumu na siasa yake havikunishika kwanza. Kilichonishika ni jina. Dzombo! Dzombo ni mlima ulioko Kwale, na ni jina la watu wetu. Nina mjomba aitwaye Dzombo, na yeye chombo pekee alichowahi kuendesha ni baiskeli isiyo na breki. Katika vitabu vyote nilivyokuwa nimesoma mpaka siku ile, watu waliorukia nyota walikuwa na majina ya kizungu. Nilisoma usiku kucha kwa kibatari, pua ikajaa masizi.

Baada ya kukimaliza nilimwandikia Bwana Mkangi barua ya kurasa mbili, nikampelekea mwalimu anisaidie kupata anwani. Mwalimu akaisoma yote, akaikunja polepole. "Mwanangu," akasema, "huyu bwana ametutoka, huu ni mwaka wa pili." Sikuwa nimemwona mtu huyo hata kwa picha, lakini nililia kama niliyefiwa nyumbani. Mwalimu akaitia barua ndani ya kitabu, akasema na ikae hapo. Ipo mpaka leo.

Basi nikaendelea na safari. Nilipita msitu wa Arabuko Sokoke bila kusimama, nikapita Gede na magofu yake maarufu, na Malindi nikaingia jua likiwa limeanza kuuma. Mji huu una ufasaha wake wa pekee: mbao za maduka na hoteli nyingi zimeandikwa Kiitaliano, na vijana wa ufuoni huweza kukuuzia kinyago kwa lugha hiyo bila kukwama. Mahali aliposhuka Vasco da Gama mwaka 1498 wanapaonyesha kwa fahari. Mimi nilikuwa na shughuli nyingine. Niliingia maduka mawili ya vitabu kuulizia Walenisi, nikitumaini kumnunulia mwalimu nakala mpya iandamane na ile kuukuu kama riba ya deni. Duka la kwanza walikuwa na vitabu vya kiada na madaftari matupu. La pili, kijana wa kaunta aliniuliza, "Ni cha kidato cha ngapi?"

Kutoka Malindi unavuka mto Sabaki, maji yake mekundu kwa udongo wa bara, na punde si punde unafika Mambrui. Ni mji wa kale, wenye kaburi la nguzo lililopambwa kwa vibakuli vya kaure ya Uchina. Mwalimu anakaa nje kidogo ya mji, chini ya mwembe, katika nyumba ya matofali ya matumbawe aliyoijenga alipokuwa angali kazini. Alistaafu mwaka 2016.

Nilimkuta ameketi kibarazani, redio pajani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni nani vile? Macho yangu siku hizi yananionyesha vivuli tu."

Kabla sijataja jina nikamtilia kitabu mikononi. Alikipapasa jalada, akagusa ile plasta aliyobandika mgongoni mwake mwenyewe miaka hiyo, akakinusa. Akatabasamu, kisha akalitaja jina langu kamili na la baba yangu.

"Kimekwenda wapi muda wote huu?"

"Nairobi, mwalimu. Na Nakuru pia. Kimehama nami nyumba tano."

"Basi kimetembea kunishinda."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kemeo, na kukosa kemeo kukawa kuzito zaidi. Maana mwalimu alikuwa na sheria yake. Kitabu alikinunua Mombasa mwaka 1996 kwa pesa zake, akakitoa kwa mwanafunzi mmoja mmoja, na aliyekimaliza aliandika jina na kijiji chake ndani ya jalada. Asiyekimaliza haandiki. Alinitaka nimsomee orodha. Nikasoma majina 38 na vijiji vyake: Marafa, Garashi, Kakuyuni, Jilore, Gongoni, Ganze, Matsangoni, Bamba. Kwa kila jina alikuwa na neno. Huyu naye ni mwalimu sasa. Huyu yuko Qatar. Huyu bahari ilimchukua mwaka 2011, alikuwa mvuvi. Huyu alikuwa mvivu wa kutupwa, lakini alikisoma mara mbili.

Jina la 38 lilikuwa langu. Chini yake karatasi ilikuwa tupu.

"Miaka tisa niliyobaki kazini nilikuwa nikiwasimulia kwa mdomo," akasema. "Na kila mwaka Dzombo akafanya mambo mapya ambayo Mkangi mwenyewe hakuyaandika." Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nikihesabu ni wangapi wangeandika jina katika miaka hiyo tisa.

Nilimuuliza kama aliwahi kumwona mwandishi. La, hakumwona hata siku moja. Ukiwa aliinunua akiwa kijana, akaianza akingoja feri ya Kilifi, na feri ikavuka mara mbili bila yeye. Mafuta alikuwa nayo pia. Mwaka 1986 alipopata habari kwamba Mkangi amekamatwa, aliichukua Mafuta kutoka rafu ya shule, akaificha nyumbani ndani ya gunia la korosho.

"Kuna aliyekuambia uifiche, mwalimu?"

"Hakuna. Uoga wangu tu. Kitabu kikatoka na harufu ya korosho, na mimi nikatoka na aibu. Ndiyo maana Walenisi ilipokuja, niliapa haitakaa gunia lolote wala rafu yoyote. Itazunguka."

Nikainamisha kichwa. Hakulitaja sanduku langu la Nairobi, na hakuwa na haja.

Wakati huo mjukuu wake, msichana wa miaka 15, alileta chai na viazi karai. Mwalimu akamwita akae, akampa kitabu asome jina lake. Akasoma haraka, kama mtu asomaye jina la dawa: "Walenisi." Babu akamwambia arudie. Akarudia vile vile. Mzee akatafuta jalada kwa kidole, akaomba nimwelekeze zinapoanzia herufi, akazifunika zote isipokuwa nne za mwanzo.

"Wale," akasoma msichana.

Kidole kikasogea.

"Ni."

Kikasogea tena. Msichana akanyamaza kidogo, akamtazama babu yake, akanitazama mimi.

"Wale ni sisi," akasema. "Babu, wale ni sisi?"

"Soma uone."

Alipofika kwa Dzombo na chombo chake cha angani alicheka kwa sauti. Dzombo gani atarukia juu? Hapo mzee akamnyamazisha. Akamkumbusha Ngomeni, mwendo mfupi kaskazini mwa Mambrui, ambako Waitaliano walijenga majukwaa yao baharini na kurusha setilaiti kati ya mwaka 1967 na 1988. Setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka hapo tarehe 12 Desemba, 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, na ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne," akasema mwalimu. "Tulikuwa tukivua kaa. Tukaona moshi umepanda, tukatupa vikapu. Wazee wakasema ni mambo ya wazungu, hayatuhusu. Halafu baada ya miaka ishirini na mitano ninafungua kitabu, naona aliye ndani ya chombo ni Dzombo."

Sijui kama Mkangi aliwaza Ngomeni alipoandika. Najua tu kwamba mwalimu aliyesoma Mambrui aliiwaza, na msichana yule naye aliacha kucheka, akaegemea nguzo ya kibaraza na kufungua ukurasa wa pili.

Tulikunywa chai. Mwalimu alitaka habari za wazazi wangu, za kazi ya gazeti, za bei ya unga Nairobi. Aliniuliza kama barua bado imo. Nikamwambia imo. "Iache," akasema. "Atakayefuata na aisome. Nawe uliiandika vizuri, ila 'tafadhali' uliikosea."

Jua lilipoanza kuinama niliinuka kwenda kutafuta gari la kurudi Malindi. Mwalimu akanizuia. Akaniagiza nichukue kalamu, na mbele ya jina langu niandike tarehe ya kurudisha. Nikaandika, mkono ukitetemeka kidogo kama wa mwanafunzi aliyechelewa paredi.

Msichana akanyosha mkono kuomba kalamu, aandike jina la 39.

"Kalamu nipe mimi," akasema babu yake. "Wewe umefika ukurasa wa ngapi?"

"Wa sita."

Mzee akaitia kalamu katika mfuko wa shati, akaufunga kifungo.