Buga, Halafu?

Mwalimu wetu wa darasa la pili hakumaliza neno hata siku moja. "Nchi yetu inaitwa Tanza...?" Darasa zima: "Niii!" "Na ziwa letu linaitwa Vikto...?" "Riaaa!" Miaka ikapita, nikamaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani na ndoto yangu ya kuandika riwaya, mpaka nilipokutana na mchezo ule ule ndani ya kompyuta. Safari hii mimi ndiye naanza neno, na mashine inamalizia.

Kompyuta yenyewe ni mtumba. Fundi aliyeifufua aliniwekea Linux, akasema, "Dogo, hii haina mambo mengi. Unaandika amri, unapiga Enter." Programu inayopokea amri hizo inaitwa sheli. Si ile ya kuuzia mafuta, jamani. Yangu ni Bash, ambayo Mmarekani Brian Fox aliitoa mwaka 1989. Inachukua maneno yako, inayafungua, kisha inayakabidhi kwa programu ya kufanya kazi.

Utamu wake ni kitufe cha Tab. Sura za riwaya yangu nilizipa majina ya mahali: bugando, bugarika, buhongwa, busisi, butimba. Na moja, bukoba. Ukiandika buh ukabonyeza Tab, sheli inamalizia buhongwa na kuacha nafasi mbele yake, tayari kwa neno jingine. Ukiandika bug inakwenda hadi buga, inasimama. Haijui kama unapanda kilimani hospitali au unakwenda Bugarika. Uking'ang'ania kubonyeza ndipo inakutajia yote mawili. Mimi sina subira, kwa hiyo katika faili liitwalo .inputrc niliandika set show-all-if-ambiguous on, initajie papo hapo.

Sasa sikia kilichonipata. Usiku mmoja nilitaka kufuta nakala za zamani. Nilidhani ziko tatu: zamani1, zamani2, zamani3. Mpango wangu: niandike rm, yaani futa, kisha za, nibonyeze Tab ije zamani, nibandike nyota mwishoni. Zamani* ni chochote kinachoanza na zamani. Kumbe mbili nilikwisha kuzifuta wiki iliyotangulia! Limebaki jina moja, sheli ikalimaliza lote na kuacha nafasi kama ada yake. Macho yangu yako kwenye vitufe. Nikapiga nyota. Enter.

Kilichoandikwa kilikuwa rm zamani1 *. Nyota iliyosimama peke yake maana yake ni kila faili lililomo humo. Na rm haikuiona nyota hata kidogo. Sheli ilikwisha kuifungua ikawa majina, bugando, bugarika, buhongwa, bukoba, hadi mwisho, ikamtwika rm kama kuli wa bandarini, ambaye haulizi ndani ya gunia kuna nini. Lalamiko lilikuwa moja tu, kwamba zamani1 halionekani. Lilikuwa limetajwa mara mbili, na mara ya pili lilikwisha kufutwa. Nikacheka. Nikaandika ls nione yaliyobaki. Kimya.

Mtauliza, kwani flashi huna? Ninayo. Ilikuwa na muziki.

Sura tano niliziandika upya, na niseme kweli, mbili zilistahili kufa. Lakini bukoba ilikuwa maneno ya bibi yangu. Tarehe 21 Mei 1996 alikwenda bandarini Mwanza asubuhi kumpokea mdogo wake aliyekuwa akija na MV Bukoba. Alibeba chupa ya chai ya tangawizi, na chai ile, alisema, ilikaa na moto hadi jioni bila mtu kuifungua. Nilikuwa nimeyaandika alivyoyasema, neno kwa neno.

Nilimpelekea fundi kilio changu. Hakunipa pole. Alinionyesha kwamba ukishaandika nyota, kabla ya Enter, unashika Ctrl na x, unaachia, kisha unapiga nyota tena. Sheli inaifungua pale pale kwenye mstari, unayaona majina yote kwa macho yako. Siku hizi sifuti kitu bila hivyo. Na katika .bashrc nimeweka alias rm='rm -i', iniulize kila faili moja moja. Inachosha kama trafiki anayesimamisha kila daladala. Naivumilia.

Jumapili iliyopita nilirudi kwa bibi na daftari.

"Si nilikuambia yote, mume wangu? Ulikuwa unaandika."

"Nimeyapoteza, bibi."

Akanitazama, akaanza upya. Safari hii alitaja watu waliojaa bandarini, khanga aliyovaa, na siku ya mazishi kule Igoma. Alisimulia vizuri, ila kwa ufupi. Chupa ya chai haikutokea. Nikamuuliza.

"Chai gani?" akasema.