Menyu ya Kwenye Laini

Tulioanza na M-Pesa mwaka 2007 tunakumbuka zile hatua: Tuma Pesa, nambari ya simu, kiasi, nambari ya siri, Sawa. Simu ilikuonyesha nambari na kiasi uvithibitishe, lakini jina la mpokeaji ulilisoma kwenye ujumbe, pesa zikiwa zimeshaondoka. Siku hizi jina hutokea mapema, na ukiona si lenyewe unasitisha. Kwa macho ni mstari mmoja tu ulioongezwa. Lakini menyu ile ilikaa kwenye laini, yaani kadi ya SIM, na laini haijui majina ya watu. Yako kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Ili jina lionekane kwanza, sharti mitambo iulizwe, ijibu, kisha iushikilie muamala hadi mtumaji aamue. Haja inaonwa na anayemfikiria mtumiaji, kazi inafanywa na mhandisi, na sioni mahali pa kuchora mpaka kati yao.

Hata hivyo, kwa miaka mingi mpaka huo ulichorwa: mahitaji yaandikwe, mfumo ujengwe, mwishoni aitwe mtu apange vitufe na rangi. Ushahidi wa kuupinga si wa jana. Mwaka 1992 watafiti Brad Myers na Mary Beth Rosson walichapisha uchunguzi wao: katika programu walizozichunguza, wastani wa asilimia 48 ya msimbo ulihusu kile anachokiona na kukigusa mtumiaji. Nusu ya nyumba haiwi rangi ya ukutani. M-Pesa yenyewe ilijaribiwa kuanzia Oktoba 2005, Nairobi na Thika, ili wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, walipe mikopo yao kwa simu. Wateja wakaanza kutumiana pesa kwa shughuli zao. Iliyozinduliwa Machi 2007 ikawa huduma ya kutuma pesa nyumbani, na mikopo ikawekwa kando. Hapo mtumiaji hakubadilisha sura ya menyu tu; alibadilisha kazi ambayo mfumo mzima ulipaswa kuifanya.

Wahandisi hulalamika kwamba ukimsikiliza kila mtumiaji, kazi haiishi. Ni kweli, tena kurekebisha programu iliyokwisha sambazwa ni gharama. Wapo waliolazimika kubadilisha laini ndipo wapate menyu ya M-Pesa. Ila hoja hiyo naiona ikielekea upande wangu: palipo pagumu kurekebisha baadaye ndipo pa kujaribu mapema, kwa michoro ya karatasi, kabla msimbo haujaandikwa. Lawama ninayowakubalia ni nyingine. Wapo wabunifu wanaochora skrini kana kwamba mtandao haukatiki katikati ya muamala, wasionyeshe mtu aone nini wakati pesa hazijulikani zilipo. Mchoro wa aina hiyo mhandisi ana haki ya kuurudisha.