Kinoo Kilichonunuliwa Mwisho

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Methali hiyo huambiwa mtu ambaye asubuhi nzima hulipima jembe hili na kulitupa lile, hata jua likapanda na shamba halijaguswa. Ni maneno ya kweli. Lakini katika kazi ya useremala methali hiyo ina pande mbili, na mwalimu mmoja wa sehemu za Nyeri alizijua zote mbili kwa fedha yake mwenyewe na kwa aibu yake mwenyewe.

Mwalimu huyo alistaafu mwaka 2017, baada ya kufundisha hesabu kwa muda wa miaka 34. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kibanda cha mabati ambacho zamani kilikuwa zizi la ndama. Aling'oa hori, akasakafia chini kwa saruji, akavuta waya wa umeme kutoka nyumbani, akakiita kibanda hicho karakana. Nia yake ilikuwa njema. Kwa miaka mingi alikuwa amemwahidi mkewe kabati la vyombo, na kila mwaka karo za watoto ziliimeza ahadi hiyo. Sasa mtoto wa mwisho alikuwa amemaliza masomo, na binti yao mkubwa alikuwa ameposwa. Wazee wa upande wa mume walitazamiwa kuja mwezi wa Desemba kwa mashauri ya mahari. Mkewe alikubali sehemu ya fedha za kustaafu itumike kununua zana za useremala, kwa sharti moja tu: wageni watakapoingia, sahani ziwe zimepangwa ndani ya kabati.

Siku ya kununua ilikuwa moja tu, na hilo ndilo lililokuwa kosa la kwanza. Mwalimu alipanda gari la alfajiri mpaka Nairobi, akazunguka katika maduka mchana kutwa, akapita Gikomba ambako maseremala wengi hufanya kazi na kuuza, akarudi usiku na mizigo mitatu. Alinunua nyundo mbili, misumeno miwili ya mkono, randa ya chuma, patasi sita zilizolazwa katika sanduku zuri lenye kitambaa chekundu, guni, yaani kipimo cha pembe mraba, keekee ya umeme, na msumeno wa umeme wa mviringo uliokwisha tumika huko Marekani. Huo wa mwisho ndio aliouonea fahari kuliko vyote. Kwa desturi ya ualimu alifungua daftari la shule akapiga safu tatu: jina la zana, bei yake, na kazi iliyofanywa kwayo. Safu mbili za kwanza zilijaa usiku ule ule.

Msumeno wa umeme uliishi chini ya dakika moja. Umeme wa majumbani nchini Kenya ni wa volti 240, na ule wa Marekani ni wa volti 120. Mashine iliyotengenezwa kwa volti 120 ikitiwa katika umeme wa 240 bila transfoma, hupata volti maradufu ya zile ilizokusudiwa, na nyaya zake huungua. Habari hiyo ilikuwa imeandikwa katika kibati kidogo kilichobandikwa ubavuni mwa mashine; lakini Mwalimu, aliyewahimiza watoto miaka 34 walisome swali kabla ya kulijibu, hakukisoma. Ulitoka moshi, ikafuata harufu kali, kisha kimya. Muuzaji alipopigiwa simu alisema kwamba kitu kikuukuu hakirudishwi.

Basi akashika zana za mkono. Mbao zake zilikuwa za sipresi, mti uliopandwa kwa wingi katika misitu ya Kenya, ambao si mgumu kufanyiwa kazi. Hata hivyo randa iliing'oa mbao vipande vipande, hasa mahali penye vifundo. Mwalimu akailaumu mbao, akanunua nyingine. Ikawa vile vile. Akailaumu randa, akaenda mjini akanunua ya pili, ya bei kubwa kuliko ya kwanza. Siku tatu ilikwenda vizuri kidogo, kisha nayo ikaanza kuguguna kama mwenzake. Patasi nazo, zilizong'aa kama fedha ndani ya sanduku lake, ziliponda mbao badala ya kuikata. Mwezi wa Novemba fremu ya kabati ilisimama, lakini ilisimama kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Mlango ulipokutana na fremu juu, chini palibaki mwanya wa kupitisha kidole.

Mkewe hakugomba. Alizirudisha sahani katika maboksi, akaenda kwa jirani. Usiku wa kuamkia siku ya wageni, vijana wanne walilipitisha kabati la jirani penye pengo la ua, wakaliweka sebuleni. Wageni walikuja, wakala, wakazungumza, na mashauri yakaenda kwa heshima. Mmoja wa wazee, aliyekuwa amesikia kwamba mwenyeji wao sasa ni seremala, aliinuka, akapitisha mkono juu ya mlango wa kabati, akasema, "Mwalimu, hii ni kazi ya mikono yako? Hongera."

Mwalimu akajibu, "Asante, mzee."

Neno hilo moja lilimkaa kooni mpaka Krismasi ikapita.

Kabati lile la jirani lilikuwa limetengenezwa mwaka 1974 na fundi wa kijiji cha pili, mzee ambaye sasa umri wake ulikuwa umepita miaka 80. Mzee huyo alijifunza useremala mwishoni mwa miaka ya 1950 huko Kabete, katika chuo cha ufundi kilichofunguliwa mwaka 1924. Mwezi wa Januari 2018 Mwalimu alimwendea, akamweleza mambo yote pasipo kuficha hata lile neno la "asante." Mzee hakucheka. Alitwaa fimbo yake, wakafuatana mpaka karakana.

Hakulitazama kabati kwanza. Alizichukua patasi moja moja, akaweka makali ya kila moja juu ya ukucha wa kidole gumba. Patasi kali hushika ukucha, butu huteleza. Zote sita ziliteleza. Ndipo akauliza, "Mwalimu, kinoo kiko wapi?"

"Sina kinoo, mzee. Zana hizi ni mpya."

"Mtoto akitoka darasa la nane na cheti chake, je, amekwisha kuwa mwalimu?"

"La, bado."

"Basi patasi nayo ikitoka dukani imepata cheti tu."

Kinoo kililetwa jioni ile kutoka kwa mzee, na somo likaanza. Patasi ya kawaida husagwa kwanza kwa pembe ya nyuzi 25 hivi, kisha ncha yake hunolewa kwa nyuzi 30 hivi ili makali yapate nguvu. Mgongo wake hulazwa bapa juu ya kinoo na kusuguliwa mpaka ung'ae kama kioo, kwa maana makali ni mahali ambapo nyuso mbili hukutana, na uso mmoja ukiwa na mikwaruzo, makali hayapatikani. Kinoo kitiwe maji au mafuta mepesi kwa kadiri ya namna yake. Mtu hunoa mpaka ahisi kwa kidole ukingo mwembamba wa chuma uliokunjikia upande wa pili. Hiyo ndiyo dalili kwamba makali yamefikiwa. Kisha ukingo huo huondolewa, na chuma humaliziwa juu ya kipande cha ngozi. Atumiaye jiwe la mashine lizungukalo kwa kasi aangalie sana: chuma kikigeuka rangi ya buluu, kimekwisha poteza ugumu wake.

Kisu cha randa nacho kilinolewa vivyo hivyo, kikarudishwa mahali pake, kikatokeza kidogo mno. Mzee aliifuata mbao kwa upande wa mkondo wa nyuzi zake. Maranda yalitoka marefu, membamba, yakajikunja sakafuni, na mbao ikabaki laini. Ilikuwa ile randa ya kwanza, ambayo Mwalimu aliitupa chini ya meza. Randa si zana ya jana. Katika mji wa Pompeii, uliofunikwa na majivu ya mlima wa moto mwaka 79, zilipatikana randa za Warumi. Na hizi za chuma ziuzwazo madukani siku hizi bado zina umbo litokanalo na kazi ya Leonard Bailey wa Marekani katika miaka ya 1860. Kosa, basi, halikuwa la randa.

Baada ya hapo mzee alikijaribu kipimo cha pembe mraba. Alikiegemeza kwenye ukingo ulionyoka wa ubao, akapiga mstari kwa penseli. Akakigeuza upande wa pili, akapiga mstari mwingine kutoka alama ile ile. Kipimo kikiwa cha haki, mistari miwili hulaliana ikawa mmoja. Mistari ya Mwalimu iliachana kama miguu ya bata. Mtu aliyefundisha pembe mraba kwa miaka 34 alikuwa amejenga kabati kwa pembe ya uongo, na jaribio hilo la penseli lingaliweza kufanywa pale pale dukani, mbele ya muuzaji.

Zamu ya misumeno ikafika. Yote miwili ilikuwa na meno yenye ncha za rangi ya buluu. Meno ya namna hiyo yamefanywa magumu kwa moto wa umeme. Hukaa makali kwa muda mrefu, lakini yakiisha hayakubali tupa, na msumeno hutupwa. Si zana mbaya kwa mwenye haraka. Lakini msumeno wa zamani wa mzee, uliokuwa umenolewa kwa tupa ya pembe tatu tangu ujana wake, ulikuwa bado unafanya kazi. Tena ilikuwako miwili kwa sababu: mmoja wa kukata mbao kwa kukingama, ambao meno yake ni kama visu vidogo, na mmoja wa kuipasua kwa urefu, ambao meno yake ni kama patasi ndogo. Mwalimu alikuwa amenunua miwili ya namna moja.

Mwishoni mzee aliomba kuliona daftari. Alisoma polepole, kidole juu ya safu ya tatu, ambayo karibu yote ilikuwa tupu. Alisema neno moja tu: "Ulinunua karakana, Mwalimu. Hukununua kazi."

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika. Mwalimu alifanya sharti kwamba hakuna zana itakayoingia kibandani mpaka iwepo kazi mezani inayoidai, na zana iliyotangulia iwe imenolewa. Kinoo kilinunuliwa kwanza, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya randa ile ya pili. Kikafuata kipimo cha haki, kilichojaribiwa kwa penseli kabla fedha haijatoka mfukoni. Vikafuata vibano vinne, kwa maana gundi isiyobanwa haishiki vema. Ikafuata barakoa ya kuzuia vumbi, ambayo watu wengi huidharau. Lakini shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1995 kwamba vumbi la mbao ni mojawapo ya mambo yaletayo saratani kwa wanadamu. Keekee ya umeme ilibaki, kwa sababu ilikuwa na kazi kila siku. Katika zile patasi sita, tatu ndizo zilizotosha kwa kazi nyingi: ya robo inchi, ya nusu inchi na ya inchi moja.

Fremu ya kwanza ilivunjwa, na mbao zake zilizofaa zikatumika tena. Kabati lilimalizika juma la Pasaka, mwaka 2018. Milango ilifunga juu na chini. Mkewe alifungua maboksi, akazipangusa sahani moja moja, akazipanga mwenyewe bila kumruhusu mtu mwingine kuzigusa. Wazee wale waliporudi kukamilisha mashauri, Mwalimu alisimama kabla ya chakula akasema, "Mzee, kabati ulilolisifu Desemba lilikuwa la jirani. Hili ndilo langu." Mzee mgeni aliinuka, akapitisha mkono juu ya mlango kama alivyofanya mara ya kwanza, akaufungua, akaufunga. Kisha akasema kwamba lile lilikuwa zuri zaidi, lakini kwa hili angempa binti wa nyumba hii mwanawe mara mbili. Watu wote walicheka, na mama wa nyumba alicheka kuliko wote.

Methali basi ni ya kweli. Achaguaye jembe hata jioni si mkulima, wala anunuaye majembe sita kwa siku moja si mkulima. Lakini wahenga hawakusema kwamba asiyelinoa jembe lake ni mkulima. Zana hununuliwa mara mbili: mara ya kwanza kwa fedha, na mara ya pili kwa mikono, juu ya kinoo; na hiyo mara ya pili haina mtu awezaye kumlipia mwenzake.

Daftari lile limekuwa likitundikwa msumarini, karibu na mlango wa karakana. Jina la msumeno wa umeme halikufutwa, wala bei yake. Safu yake ya tatu imebaki tupu. Katika mstari wa kinoo, mahali pa kuandika kazi iliyofanywa, Mwalimu aliandika neno moja: "Zote."