Brashi ya Marehemu Baba

Marehemu baba yetu, Allah amrehemu, alituachia brashi ya kunyolea yenye mpini wa mti. Kwayo alipaka povu vichwa vya watoto wachanga wa Liparamba siku yao ya saba. Unywele mmoja mmoja kudondoka si neno; zilipoanza kutoka kwa mafungu, tukajua shina limeoza.

Kabla ya kuikarabati tuliunguza unywele mmoja. Haukuyeyuka kama nailoni, bali ulinuka nywele zilizoungua. Ncha zilikuwa zimepasuka matawi, kama zilivyo nywele za nguruwe, ambazo hutumika sana katika brashi. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, hizo ni najisi.

Tulichelea kumwambia mama. Alitusikiliza, kisha akasema: “Wanangu, alichokishika baba yenu ni mpini. Nywele si zake.”

Fundi akazing’oa. Mpini tukauosha mara saba, moja kwa maji ya udongo, akapachika nywele za nailoni tulizonunua Mbinga mjini. Baba hakujua, na asiyejua hana lawama. Lawama ingekuwa yetu tuliokwisha kujua.

Ijumaa iliyopita brashi hiyo ilipaka povu kichwa cha mjukuu wake.